Nyuzi Themanini na Mbili

Barua ilikuja na tarehe ya kesho. Niligeuza karatasi nikidhani nimeishika kichwa chini, nikasoma tena, na tarehe ilikuwa ile ile ya kesho. Chini yake waliandika kwamba ninazo siku kumi na nne za kujibu, na kwamba tatu katika hizo zimeshapita. Sikushangaa. Katika mji huu nimeishi mno kiasi cha kuchoka kushangaa. Nilikaa kwenye kigoda changu nyuma ya kaunta, nikaiweka barua juu ya jora la kaniki, nikaitazama kama mgeni aliyeingia na mizigo yake yote. Huyu, nikajiambia, haondoki leo.

Ilikuwa imeandikwa kwa Pandu. Pandu ni baba yangu, na alikwisha kufa. Mimi ni Vuai. Lakini kibao cha duka kinasema Pandu, wateja wananiita Pandu, na siku hizi mtu akiita Vuai barabarani sigeuki mpaka aite mara ya tatu. Kuna asubuhi ninaponyoa ndevu nikaona kwenye kioo kwamba ananyolewa yeye. Kwa hiyo sikuweza kusema kwamba barua imekosea mlango.

Ilisema hivi: katika miaka saba, Pandu alinunua bafta nyeupe majora kadhaa, na akauza kwa risiti mita kadhaa, na baina ya kilichoingia na kilichotoka kuna pengo la mita mia tano na kumi na moja na sentimita arobaini na nane. Pandu aeleze kitambaa hicho kilikwenda wapi. Aambatishe majina ya waliokipokea, ili kila mmoja aitwe aulizwe kwa nafasi yake, na alipe kinachompasa. Asipoeleza, itahesabiwa kwamba aliuza kwa kificho, na duka litafungwa. Mhuri ulikuwa wa Nyumba ya Maelezo, lile jengo ambalo kila mtu katika mji huu ataliingia siku moja, hata awe mnyofu vipi.

Nilijua kitambaa kilikwenda wapi. Kiko chini ya ardhi.

Acha niseme jinsi tulivyokuwa tukifanya, maana huko mbele mtahitaji kujua. Mtu akifiwa katika mtaa wetu, nyumba ile humpima marehemu kwa uzi, toka utosini hadi kisiginoni, kisha humtuma mtu na uzi huo dukani. Mtu huyo hasalimu. Anauweka uzi juu ya kaunta, basi. Nami siulizi nani, siulizi lini, siulizi pesa. Nafunga mafundo mawili upande wa kichwa na moja upande wa miguu, nashusha jora la bafta, napima uzi mara nne, nang'ata ukingo wa kitambaa kwa meno na kuvuta mara moja tu. Sanda haikatwi kwa mkasi. Ile sauti ya kuchanika ikisikika, aliyekuwa dukani akibishania bei ya khanga hunyamaza. Mtu anaondoka na kitambaa, uzi unabaki kwangu, nami nautia katika kopo la biskuti. Mwenye nacho, baada ya arobaini hupita akaacha kitu kwenye kaunta bila ya kusema ni cha nini. Asiye nacho hapiti, na hakuna anayemkumbusha. Na katika daftari hakuandikwi chochote, kwa sababu baba alisema sanda haiandikwi. Ukiandika umeifanya biashara, na ukimtaja uliyemsitiri umemfunua mara ya pili.

Kosa letu ni hilo. Walimu wa hesabu wangecheka. Lakini hata leo, nikiambiwa nianze upya, sidhani kama ningeweza kushika kalamu.

Linalonichosha si kodi. Kodi naielewa, barabara ina mashimo, na mashimo hayazibwi kwa dua. Linalonichosha ni swali lililojificha nyuma ya barua: kitu ulichokitoa, ukakisahau kwa makusudi, bado ni chako? Na kama si chako, mbona wanakuja kwako kukiuliza? Nilidhani kutoa ni kuachia. Kumbe mkono ulioachia unabaki wazi hewani miaka saba, halafu anakuja mtu kuukagua kiganja. Dola haikuja kutaka bafta. Bafta imeshaoza, na dola inajua. Inataka majina. Pesa unaweza kuilipa ukaisahau, lakini jina la mtu ukishampa yule anayemtafuta, hulirudishi tena.

Siku ya tano, au ya pili, maana siku zile zilikuwa zikirudi nyuma bila ya kuaga, alikuja Bi Mize. Mize silo jina lake. Nimemwazima jina la shangazi yangu, ambaye halihitaji tena. Alikuja saa nne asubuhi, saa ambayo hakuna anunuaye kitu, akasimama mbele ya kaunta akiwa ameshika ncha ya khanga yake.

"Shikamoo, Mzee Pandu."

"Marahaba, mwanangu. Za nyumbani?"

"Nzuri." Akaikunja ncha ile kidoleni. "Wanasema unaandika majina."

"Nani wanasema?"

"Watu. Huko kisimani." Aliitazama kaunta, mahali pale pale ambapo uzi huwekwa. "Mwanangu anaolewa mwezi ujao. Watu wanaomposa ni watu wenye kujiweza. Tuliwaambia baba yake alizikwa na jamaa zake, kwa mali yake. Tuliwaambia hivyo, mzee. Sasa wakija kuniuliza wale wa Nyumba, wakaniuliza mlangoni, mbele ya wakwe…"

Nilimwambia aende akapike. Aliniangalia kwa muda, si kwa kuniamini, bali kwa kupima ni kiasi gani mzee mchovu anaweza kubebeshwa. Kisha akanunua kibiriti asichokihitaji, akaondoka.

Nikabaki nikiwahesabu. Walikuwa themanini na wawili kwa hesabu ya nyuzi zilizokuwa koponi. Themanini na wawili, na kila mmoja ana mjane au ndugu aliyewaambia watu kitu fulani ili aweze kutembea barabarani na kichwa chake kikiwa juu.

Basi nikaenda kwa Machano. Machano huwaandikia watu majibu nje ya Nyumba ya Maelezo, chini ya mwavuli ulioandikwa tangazo la sabuni. Ana mashine ya chapa isiyo na herufi ya "h", na ameandikia nusu ya mji barua ambazo zote zinasomeka kama kwamba mwandishi ana mafua. Alinisomea barua yangu kwa sauti, akapiga mbinja.

"Mita mia tano! Babu, ulikuwa unawavisha minazi?"

"Ni sanda, Machano."

Akavua kofia. Halafu akaivaa tena, kwa sababu kazi ni kazi. "Basi mambo ni mepesi. Taja majina."

"Sitaji."

"Mficha uchi hazai, mzee wangu."

"Na maiti je? Tumfunue ili azae?"

Akacheka peke yake, akapangusa mashine yake kwa kitambaa. Alipoona sicheki akainama karibu. "Nisikilize. Hawa watu sheria zao nazijua kuliko wao. Usitaje wote. Taja mmoja. Mmoja tu, aliye hai, akaitwa, akakiri kwamba alipokea. Akikiri mmoja, waliobaki wanapita kwa mgongo wake bila ya kuulizwa. Wao wanaita sampuli. Huna hata mmoja usiyempenda?"

Nilifikiri. Aibu yangu naisema hapa: nilifikiri kwa muda mrefu. Nilizipitia nyumba za mtaa wangu moja moja, nikimtafuta mtu ambaye aibu yake ingeniuma kidogo. Nilimpata mmoja, mtu mgomvi, mwenye kutupa taka mbele ya duka langu. Kisha nikakumbuka kwamba siku ile ya uzi wake hakuwa mgomvi. Alikuwa ameushika uzi wa mama yake kwa mikono miwili, kana kwamba utamwagika.

"Niandikie kwamba nitakuja mwenyewe," nikamwambia Machano.

"Hiyo si barua, hiyo ni kujinyonga." Lakini akaiandika, na hakunitoza.

Nilikwenda na kopo langu la biskuti kwapani. Bawabu akauliza nini hicho, nikamwambia ni majibu, akalitikisa, akasikia halina uzito, akaniachia. Nyumba ya Maelezo haina saa ukutani kwa sababu kila ghorofa ni siku yake. Ghorofa ya chini ilikuwa Jumatatu. Watu walikuwa wamesimama wima na bahasha zao hazijakunjamana. Nilipofika Jumanne, wengine walikuwa wamekaa. Jumatano niliwakuta wamelala juu ya mabenchi, wameota mvi, na mmoja akaniomba nimkumbushe alikuja kueleza nini. Nilipanda nimeshika ukuta, nikiinama kila mlangoni, maana mimi ni mtu mrefu na milango ya mji huu ilijengwa na watu wafupi. Bonge la uvimbe kwenye paji la uso wangu lina umri wa miaka arobaini.

Nimechoka. Hilo tu ndilo nililokuwa nikilisema ngazi kwa ngazi. Nimechoka na ngazi. Nimechoka kuwa Pandu. Nimechoka na wafu, ambao hawachoki. Nimechoka kuwa mwema, kama ndivyo kunavyoitwa, maana kama ningekuwa mwovu ningekuwa na risiti.

Alhamisi, wakaita Pandu. Nikainuka, na katika kioo cha mlango mabega yaliyoinuka yalikuwa ya baba.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo. Jina lake lilikuwa kwenye kibao mezani. Nililisoma, lakini siliandiki hapa. Alikuwa na sura ya mtu asiyelala mchana wala usiku, na miwani yake ilining'inia kifuani, imefungwa kwa uzi mkuukuu uliogeuka rangi ya jasho. Wenzake wote mezani walikuwa na minyororo ya kung'aa kwenye miwani yao. Niliona, nikapuuza. Macho ya muuza vitambaa huona kila uzi, hayana hiari.

"Pandu?"

"Mwanawe."

"Faili inasema Pandu."

"Basi Pandu."

Akavaa miwani. "Aliyekuwa akipima ni wewe au yeye?"

"Mkono ni ule ule, bibi. Yeye alinishika kiganja akanifundisha kuvuta. Alipokufa, kilichobaki ni kuvuta."

Hakuandika. "Majina ya waliopokea?"

Nikafungua kopo, nikalimwaga mezani kwake.

Zilianguka kwa fungu moja, nyepesi, hazikutoa hata sauti. Uzi wa cherehani, kamba ya makumbi, ukili, pindo la khanga lililochanwa kwa haraka, kamba za viatu viwili zilizoungwa kwa sababu mrefu yule hakutoshwa na moja. Nikamwambia: wako hapa wote. Kila uzi ni mtu. Pima, zidisha kwa nne, utapata kitambaa chako. Majina sina, na kama ninayo, yamekufa pamoja nao.

Nilitaraji atamwita bawabu. Badala yake alizitazama nyuzi zile kwa muda, akatoa futi kamba kwenye mtoto wa meza, akavuta uzi wa kwanza. Akaupima. Akaandika. Akavuta wa pili. Sijui tulikaa kiasi gani. Nje ya dirisha jua lilipanda na kushuka bila ya mpango, na mara mbili mtu alileta chai akaikuta ya mwanzo imepoa. Kwenye uzi wa kamba za viatu alisita, akalipapasa fundo la kati, akaandika. Hakuuliza yeyote ni nani. Nilianza kumheshimu, na hilo likanichosha zaidi, kwa sababu adui unayemheshimu ni kazi mara mbili.

Alipomaliza alijumlisha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Mita mia moja ishirini na saba na robo. Mara nne, mia tano na tisa." Akainua macho. "Ninatafuta mia tano na kumi na moja na sentimita arobaini na nane."

"Imebaki ngapi?"

"Mita mbili na sentimita arobaini na nane."

"Gawa kwa nne," nikasema, kwa mazoea ya kaunta, kabla ya kufikiri.

Akagawa. Nikauona mkono wake ukiandika sita, kisha mbili. Sentimita sitini na mbili. Kalamu ikabaki pale pale juu ya karatasi, na wino ukaanza kutuna.

Sentimita sitini na mbili si mtu mzima. Wala si mtoto anayetembea.

Nikakumbuka hapo. Katika miaka yote ile ni mmoja tu aliyeondoka na uzi wake. Mwanamke, peke yake, amejifunika gubigubi, jambo lisilo la kawaida kwani mwanamke aliyefiwa hauleti uzi mwenyewe. Alikuja hana wa kumtuma. Nilifunga mafundo yangu matatu, nikachana, na nilipotaka kuutia uzi koponi akaweka kiganja chake juu yake. Nikamwachia, kwa sababu hakuna sheria ya kumnyang'anya mtu kitu kidogo namna ile.

Mkaguzi alikuwa ameushika uzi wa miwani yake kwa vidole viwili, bila ya kujua kwamba ameushika. Na pale shingoni, chini ya sikio, niliyaona: mafundo mawili upande mmoja, na moja upande wa pili.

Sauti ya Machano ikanijia na mafua yake yote. Mmoja tu, aliye hai, akakiri. Alikuwa mbele yangu. Jina lake lilikuwa mezani kwa herufi kubwa. Ningesema neno moja, duka langu lingepona, Bi Mize angemwoza binti yake kwa amani, na wote themanini na wawili wangepita kwa mgongo wake. Na yeye? Angeulizwa, mbele ya wale wenye minyororo ya kung'aa, alizaa na nani, na kwa nini alikuja peke yake. Niseme kweli: ulimi ulisogea. Nilikuwa mzee, na magoti yalikuwa yakiniuma, na duka lile ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho kinachobeba jina, hata kama jina lenyewe si langu.

"Uzi wa themanini na tatu uko wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni wangu," nikasema.

"Wako?"

"Nilijiwekea sanda yangu. Na zile nyingine zote niandikie mimi pia. Andika Pandu alizitumia mwenyewe. Si mnacho kisanduku cha matumizi ya binafsi? Nitie humo wote."

"Mtu mmoja hazikwi mara themanini na tatu, mzee."

"Hujakaa nyuma ya kaunta ile."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza bila ya kuyapitisha macho kwenye faili, na nikajua kwamba amejua kuwa nimejua. Hatukusema. Kwenye kazi yangu hatusemi.

"Simama nikupime," akasema kwa sauti kubwa, ya kiofisi, ili wenzake wasikie.

Nikasimama wima, kichwa kikagusa pangaboi lililokwama. Akaja na futi kamba, akaishikilia kisiginoni mwangu, akaipandisha mgongoni hadi mkono wake usipofika. Mwanamke yule, ambaye kwa sura yake nina yakini hakuwahi kuandika sifuri moja ya uongo tangu aajiriwe, akarudi kitini, akasoma huku akiandika:

"Urefu wa mlipakodi, sentimita sitini na mbili."

Mwenzake wa meza ya pili aliinua uso, akaniangalia kutoka juu hadi chini, mimi na uvimbe wangu wa milango. Akakumbuka ana kazi zake.

"Hesabu imekaa," mkaguzi akasema. "Lakini matumizi ya binafsi yana kodi yake. Na ni kubwa."

"Majora yaliyopo yataitosha."

"Yote?"

"Niachie moja la bafta."

Akafikiri, akaandika moja. Kisha akaanza kuzirudisha nyuzi koponi kwa utaratibu, moja moja, hata zile zilizotatizana. Nilidhani amemaliza. Nikanyoosha mkono nichukue kopo.

"Bado," akasema. "Kiambatisho kinataka vielelezo themanini na vitatu."

Akavua miwani. Alihangaika kidogo kulifungua lile fundo la kuungia, kwa kuwa lilikuwa limekazana kwa miaka. Yale matatu hakuyagusa. Akaunyoosha uzi juu ya meza kwa kiganja, akaukunja, akauweka juu ya wenzake, akafunika kopo, akanisukumia. Nilitaka kulia, na nadhani nililia, maana karatasi ya risiti aliyonipa ilifika mtaani ikiwa na unyevu.

Aliishika miwani kwa mkono wa kushoto, akiibana machoni isianguke, na kwa mkono wa kulia akavuta faili nyingine na kumwita anayefuata.